Kompyuta ya gemu inachemka Uyole, na baridi lote hili?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Uyole, Mbeya. Nina kompyuta ya gemu niliyonunua kwa mtu aliyehamia Dar. Prosesa ni Core i5-12400F na feni yake ya kiwandani, kadi ya grafiki ni RTX 3060, kasha lina kioo mbele na kioo ubavuni, feni tatu za taa mbele na moja nyuma. Nikicheza nusu saa kadi inafika nyuzi 84, na kuna feni inapanda na kushuka kila baada ya sekunde chache mpaka mama anauliza kuna nini huko chumbani. Zile feni za mbele zimechomekwa kwenye waya wa pawa saplai wenye pini nne kubwa. Fundi wa huku kaniambia niongeze feni tatu juu. Mshkaji wangu anasema Mbeya yenyewe ni friji, nifungue ubavu niiweke dirishani basi. Na Desemba nashuka nayo Kyela kwa bibi, ambako joto ni jingine kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela ya feni tatu iache mfukoni kwanza. Feni nne ulizo nazo zinatosha kwa i5-12400F na RTX 3060, na wapo wanaoendesha mashine nzito kuliko hiyo kwa feni tatu. Wewe una matatizo mawili yaliyochanganyika: hewa haiingii vizuri kwenye kasha, na feni zako hazimfuati anayechemka.

Tumsikilize mshkaji wako kwanza, maana nusu ya anachosema ni kweli. Feni haiwezi kupooza kitu kikawa baridi kuliko chumba. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyokwisha kupata moto na kuleta ya chumbani. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye skrini ni joto la chumba ukijumlisha ongezeko linalotokana na kadi yenyewe. Hapo ndipo sisi watu wa nyanda za juu tunapojidanganya. Jioni ya Julai, chumba cha Uyole kinaweza kuwa na nyuzi 15 au 16. Kadi ikisoma 84, ongezeko ni karibu nyuzi 68. Mtu wa Dar mwenye chumba cha nyuzi 30, kadi yake ikisoma 84, ongezeko lake ni 54. Mnasoma namba moja, lakini mashine yako ndiyo inayoumwa zaidi. Baridi imekufichia ugonjwa.

Na usidhani kwamba ukiipeleka pwani ingefika 98. RTX 3060 imewekewa shabaha ya nyuzi 83 na kikomo cha 93. Ikifika kwenye shabaha inaanza kujipunguza kasi yenyewe ili isipande zaidi, na mchezaji anaweza kuona picha kwa sekunde zikipungua bila sababu ya maana. Hiyo 84 yako imeganda hapo kwa sababu kadi tayari imeshika breki. Ukiangalia kasi ya kadi dakika ya pili na dakika ya thelathini, utaona imeshuka.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo video za kwenye mtandao hazikugusii, nalo ni mwinuko. Uyole iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya pwani. Feni ikizunguka inasukuma ujazo uleule, ila ndani ya ujazo huo hewa ya kubeba joto ni pungufu. Chukua kasha linalozalisha wati 300 za joto na kupitisha lita 24 za hewa kwa sekunde. Dar hewa inayotoka nyuma itakuwa imepanda nyuzi kama 11, Uyole itakuwa imepanda kama 13. Tofauti hiyo ni ndogo na baridi inaifidia, lakini ina maana kwamba grafu ya feni, yaani mstari unaoiambia feni izunguke kasi gani kwa joto gani, kama uliinakili kwa mtu anayeishi kando ya bahari uisogeze juu kidogo. Wa Njombe na Makete ndiyo kabisa, wao wako juu zaidi yetu.

Sasa vipimo, na hivi ndivyo ningetaka uvifanye kabla ya kugusa bisibisi yoyote. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi za feni, ni ya bure. Weka kipimajoto cha kawaida mezani karibu na kasha, hata kile cha ukutani kinafaa, uandike joto la chumba. Fungua gemu moja, sehemu moja ileile, cheza dakika 20 kasha likiwa limefungwa. Andika joto la kadi, lile lililoandikwa Hot Spot (sehemu yenye joto zaidi ndani ya chipu), na mizunguko ya feni za kadi. Halafu fungua kioo cha ubavuni, rudia dakika 20. Mwisho rudisha cha ubavuni, toa cha mbele, rudia tena. Vioo vya mbele vingi vimeshikwa na vishikizo vya plastiki, unavuta kuanzia chini. Vuta taratibu, maana wakati mwingine waya za swichi ya kuwashia na za taa zimeshikana na kioo hicho.

Majibu yanasomeka hivi. Ukifungua ubavu na kadi ikashuka nyuzi moja mpaka tatu, kasha halina kosa kubwa, tatizo liko kwenye kadi yenyewe: vumbi kwenye mapezi ya hitisinki (chuma kinachonyonya joto la chipu), au pesti iliyokauka, ile inayopakwa kati ya chipu na hitisinki kupitisha joto. Ikishuka nyuzi nane, kumi na zaidi, kasha linabana pumzi. Na ikishuka karibu kiasi hichohicho kwa kutoa kioo cha mbele peke yake, umeshampata mchawi. Mimi nitaweka dau langu hapo kwenye kioo cha mbele, kwa sababu makasha mengi ya bei ya chini yenye kioo mbele yameacha upenyo wa sentimita moja hivi pembeni, na feni tatu zinagombania hewa inayopita hapo. Ukiwasha taa zake ni pambo zuri, lakini hewa haipiti kwenye kioo.

Ile Hot Spot ina habari yake. Kwa kadi nzima huwa juu ya joto la kawaida la kadi kwa nyuzi 10 mpaka 20. Ukikuta tofauti imefika 30, pesti imekwisha au hitisinki haijakaa sawa, na hapo hata ukitoa vioo vyote hutapata nafuu ya maana. Kwa kadi iliyotumika kama yako ni jambo la kawaida. Kubadilisha pesti ya kadi kunahitaji mtu aliyewahi kufanya, kwa sababu kuna pedi laini juu ya chipu za memori ambazo ukizichana lazima upate nyingine za unene uleule.

Wakati kasha liko wazi, hakikisha feni zinapuliza kuelekea upande unaotakiwa. Feni ya kompyuta huvuta hewa kwa upande ulio wazi na kuitoa upande wenye mikono ya fremu inayoshikilia mota, ule ambao kwa kawaida una stika. Za mbele mikono hiyo itazame ndani, ya nyuma itazame nje. Kama huamini macho yako, washa kijiti cha udi, funga kasha, pitisha moshi polepole kuzunguka kompyuta. Mbele moshi unatakiwa uingie moja kwa moja. Nyuma unatakiwa usukumwe mbali. Kisha upeleke pale pembeni mwa kioo cha mbele, na hapa uangalie vizuri: kwenye makasha mengi ya aina hii utauona moshi unatoka mahali fulani, unageuka, unaingia tena sentimita chache pembeni. Hiyo ni hewa ya moto ya ndani inayovuja kupitia nyufa za mbele na kuvutwa upya na feni zilezile. Feni zinazunguka, taa zinawaka, na hewa ni ileile.

Dawa ya kioo si ghali. Njia ya kwanza ni kukitoa kabisa na mahali pake kuweka wavu wa alumini, ule wa kuzuia mbu madirishani, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, sokoni Mwanjelwa upo. Kata kipande, kikunje kingo zisikuchane, kishike na sumaku ndogo au vibanio. Hautazuia vumbi laini lakini nywele na nyuzi za zulia utazikamata. Njia ya pili, kama roho inauma kutoa kioo, ni kukisogeza mbele kwa skrubu ndefu na viringi vya chuma (washa) mpaka upenyo uwe sentimita mbili pande zote. Mimi ningetoa.

Nije kwa fundi wako wa feni tatu za juu. Simlaumu, ni ushauri unaotolewa kila mahali, na kwa kasha lenye prosesa ya kula wati 250 ungekuwa na maana. Kwako, feni ya juu iliyo karibu na mbele itachukua hewa safi iliyoingia sasa hivi na kuitupa nje kabla haijafika kwenye prosesa wala kadi. Pia ukiwa na nne zinazotoa na tatu zinazoingiza kupitia upenyo wa sentimita moja, kasha litaanza kuvuta hewa kwa kila tundu lililopo: nyuma kwenye nafasi za kadi, kwenye matundu ya USB, chini. Tundu hizo hazina chujio, na kiangazi cha Mbeya unakijua. Tatu kuingiza na moja kutoa ni mpangilio mzuri sana kwa mashine yako. Hoja ya kwamba hewa ya moto lazima itolewe juu kwa sababu moto hupanda ni ya kweli kwenye dohani. Ndani ya kasha lenye feni, nguvu hiyo ni ndogo mno kushindana nazo.

Sasa kelele, ambayo ndiyo sehemu ninayoipenda.

Waya wenye pini nne kubwa uliousema ni Molex. Unatoa volti 12 moja kwa moja, hivyo zile feni tatu za mbele ziko kasi ya mwisho tangu unapowasha mpaka unapozima, na hakuna programu itakayoziambia kitu. Maana yake feni inayopanda na kushuka ni nyingine, na kwa dalili ulizotoa ni ile ya prosesa. Fuata waya za feni za mbele. Kama kabla ya kufika kwenye Molex kuna plagi ndogo ya pini tatu au nne, ichomoe hapo uipeleke kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwenye soketi iliyoandikwa SYS_FAN au CHA_FAN. Ukiwa na soketi moja tu, tafuta kebo ya kugawa moja kwa tatu. Soketi moja kwa kawaida hubeba ampea 1, na feni ya milimita 120 huandikwa kwenye stika yake ampea 0.1 mpaka 0.3, kwa hiyo jumlisha kabla ya kuchomeka. Usishangae kuona mizunguko ya feni moja tu kwenye skrini: kebo ya kugawa hupeleka taarifa ya feni moja.

Taa ni waya tofauti na mota, na hapa watu wanaunguza. Taa za volti 5 zina plagi ya pini tatu, tena zimeachiana nafasi moja katikati. Taa za volti 12 zina pini nne mfululizo. Ukilazimisha ya volti 5 kwenye soketi ya volti 12, taa zinakufa papo hapo. Soma maandishi kwenye mazabodi kabla ya kusukuma chochote.

Kama ukikuta feni zako hazina plagi ndogo kabisa, ni Molex tupu, basi manunuzi yako ni feni mbili za mbele za pini nne. Mbili, zisizo na mapambo, kutoka kampuni inayoandika kasi na ampea kwenye stika. Zitakutumikia kuliko tatu za taa usizoweza kuzitawala.

Feni ya pini nne hupokea volti 12 wakati wote na kupewa amri ya kasi kupitia pini ya nne. Ya pini tatu haina pini hiyo, kwa hiyo kasi yake hubadilishwa kwa kupunguza volti. Ukiingia BIOS, mipangilio ya mazabodi yenyewe, kwa kubonyeza Delete au F2 mashine inapowaka, utaona chaguo la PWM (la feni za pini nne) na DC (la pini tatu) kwa kila soketi. Feni ya pini tatu ikiwekewa PWM itakimbia kasi ya mwisho daima, hata uchore grafu ya namna gani. Nusu ya malalamiko ya “nimeweka grafu lakini haifanyi kazi” yanaishia hapo. Kwenye mazabodi za ASUS sehemu hiyo inaitwa Q-Fan, Gigabyte ni Smart Fan, ASRock ni Fan-Tastic Tuning, MSI iko ndani ya Hardware Monitor.

Kwa nini feni ya prosesa inapanda na kushuka? Ukifungua ukurasa mmoja tu wa kivinjari, kiini kimoja cha prosesa kinaweza kuruka kutoka nyuzi 40 mpaka 65 ndani ya sekunde moja, kisha kikarudi. Sensa iko ndani ya chipu yenyewe, inaona kila mruko. Hitisinki juu yake haijapata habari bado, ina chuma kizito kinachochelewa kupata moto. Feni inayokimbilia kila mruko inafanya kazi ya bure. Kwenye BIOS tafuta mpangilio wa kuchelewesha, mara nyingi umeandikwa Step Up Time au Smoothing, uweke sekunde tatu mpaka tano za kupanda na zaidi kidogo za kushuka. Usiogope kuwa prosesa itaungua katika sekunde hizo. I5-12400F kikomo chake ni nyuzi 100, na ikikaribia hapo inajipunguza yenyewe. Grafu ya feni yake anza na asilimia 35 mpaka nyuzi 60, asilimia 60 ikifika 75, 85 ikifika 85, na mia ikifika 93. Mama atalala.

Feni za kasha ni hadithi nyingine. Mazabodi kwa kawaida huziamuru kwa kuangalia prosesa, lakini kwenye gemu anayetoa joto ni kadi: RTX 3060 inakula wati 170, na prosesa yako ikiwa ndani ya gemu mara nyingi haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo kadi inachemka, prosesa iko nyuzi 58 imetulia, na feni za mbele zinaona mambo ni shwari. BIOS nyingi haziwezi kusoma joto la kadi kabisa. Hapo ndipo inapoingia programu ya bure ya Windows inayoitwa Fan Control. Unatengeneza grafu inayosoma joto la kadi, nyingine inayosoma prosesa, kisha unaiambia ichukue iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Pakua toleo jipya: matoleo ya zamani yalitumia draiva ya WinRing0 ambayo Windows Defender huizuia kwa sababu za usalama.

Namba za kuanzia kwa Uyole, kwa feni za mbele na nyuma: kadi ikiwa chini ya 50, asilimia 35. Kwenye 60 iwe 45, kwenye 70 iwe 65, kwenye 76 iwe 80, kwenye 82 mia. Weka na nafasi ya nyuzi tatu au nne kabla feni haijabadilisha mawazo, ili isiwe inapanda na kushuka kwa nyuzi moja. Usishuke chini ya asilimia 30. Asubuhi za Juni mafuta ya kwenye beringi za feni za bei rahisi yanakuwa mazito, feni inaweza kukataa kuanza kwa nguvu ndogo, au ikakwaruza dakika za mwanzo mpaka ipate joto. Kukwaruza kwa dakika mbili wakati wa baridi hakuna neno. Kukwaruza mchana kutwa ni beringi imekwisha.

Ukitaka kujua kwa nini nahangaika na asilimia hizi badala ya kukuambia ziwe mia tu: feni ikipunguzwa kutoka mizunguko 1,200 kwa dakika mpaka 960, hewa inapungua kwa moja ya tano, lakini kelele inashuka kwa desibeli kama 5, na umeme inaotumia unakuwa karibu nusu. Juu ya grafu unalipa kelele nyingi kwa hewa kidogo. Kaa katikati, halafu ipunguzie kadi mzigo.

Na kuipunguzia mzigo ndiko watu wasikokufanya, wakati hakuna senti inayotoka. Kama skrini yako ni ya 60 au 75 hertzi, hakuna faida ya kadi kuchora picha 180 kwa sekunde kwenye gemu nyepesi. Unazalisha joto la picha usizoziona. Ndani ya mipangilio ya Nvidia kuna Max Frame Rate, weka sawa na skrini yako. Pili, programu ya MSI Afterburner ina Power Limit, kikomo cha umeme wa kadi. Ishushe mpaka asilimia 85. Kadi itatumia kama wati 145 badala ya 170, na utapoteza picha chache kwa sekunde ambazo bila kuhesabu hutazijua. Wati 25 zisizoingia chumbani ni wati 25 ambazo feni hazina kazi nazo.

Ukimaliza yote hayo, tarajia ongezeko la nyuzi 45 mpaka 52 juu ya chumba. Chumba kikiwa 16, kadi icheze kwenye 61 mpaka 68. Ikibaki juu ya 75 wakati ubavu uko wazi na kadi ni safi, hapo ndipo pesti.

Vumbi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba safisha wavu wa mbele na chujio la chini la pawa saplai kila baada ya wiki mbili, ndani kila baada ya miezi miwili. Kasha liwe juu ya stuli au meza, lisikae sakafuni, na hasa lisikae juu ya zulia linaloziba pawa saplai kwa chini. Tumia brashi laini na blowa ndogo. Najua wengi wanapeleka mashine kwa mtu wa kujaza upepo magurudumu akaipige presha. Mashine ile haina chujio, upepo wake una maji na mafuta ya kompresa, na presha yake inang'oa vitu. Ukilazimika, mwambie afungulie pembeni kwanza mpaka maji yaishe, na asogee mbali. Popote unapopuliza, shikilia panga za feni kwa kidole. Kuiacha izunguke kwa kasi ya upepo kunaharibu beringi, na mota inayozungushwa inazalisha umeme kurudi kwenye saketi.

Na kama unacheza usiku na jiko la mkaa miguuni, litoe nje. Majivu yanaingia kwenye mapezi, sawa, lakini hilo ni dogo. Moshi wa mkaa una gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi ndicho hatari zaidi. Vaa sweta.

Dirishani hapana. Hewa baridi utaipata, lakini utapata pia vumbi la barabara mchana na ukungu asubuhi, na mvua za Novemba zikianza zitakukuta umelala. Ubavu wazi nao ni wa kupimia tu. Vumbi litaingia kila kona na mtoto au paka ataingiza mkono.

Umeme ukikatika na kurudi, ukakuta BIOS imesahau grafu zako na saa imerudi mwaka wa nyuma, betri ya mazabodi imekufa. Ni CR2032, kidonge cha volti 3, hata duka la saa wanayo. Kwa mashine iliyotumika kama yako ningeibadilisha bila kusubiri.

Tumalizie Kyela. Unashuka kutoka mita 1,800 mpaka kama 500, hewa inakuwa nzito zaidi, hiyo ni faida kidogo, ila chumba kitakuwa nyuzi 31 au 32. Ukiwa umetengeneza kasha, kadi itacheza kwenye 76 mpaka 80, ambayo haina shida yoyote. Huhitaji grafu mpya, ile inafuata joto la kadi na itapanda yenyewe. Tegemea kelele zaidi tu, na kama inakukera shusha Power Limit mpaka 80.

Safarini ndiyo uangalifu. Chomoa kadi ya grafiki, ifunge peke yake kwenye mfuko wake au kwenye nguo za pamba, kwa sababu barabara ya kupitia Tukuyu ina matuta na kona, na kadi nzito ikining'inia inaweza kuvunja soketi yake. Kasha lilaze ubavu, mazabodi ikiwa chini, uwe nalo ndani ya basi badala ya kwenye buti. Ukiondoka Uyole alfajiri chuma chote kitakuwa baridi, na hewa ya Kyela ina unyevu mwingi; mvuke utaganda juu ya chuma hicho kama maji. Kwa hiyo ukifika, salimia wazee, kula, iache wazi kwa muda wa saa mbili bila kuichomeka. Kabla ya kuwasha bonyeza pembe nne za feni ya prosesa, maana ile ya kiwandani imeshikwa na pini za plastiki za kusukuma na mtikisiko hulegeza moja. Ikiwa imelegea utaijua mapema: prosesa itapita nyuzi 90 dakika ya kwanza ya gemu, huku kadi bado iko 60.